Uliza Kazi, Usiulize Ukoo

"Kijana, wewe ni wa nani? Kwenu ni upande gani?"

Cheptais, kwenye Mlima Elgon katika Kaunti ya Bungoma, swali hili laweza kutoka kinywani mwa mjumbe wa bodi ya shule kabla mwombaji kazi hajafungua bahasha ya vyeti vyake. Anayeuliza huenda hana ubaya wowote moyoni. Ndivyo watu wanavyotambuana mlimani, na mzee anayempokea mgeni bila kumuuliza nasaba huonekana hana adabu. Lakini chumba cha usaili si sebule. Anayeulizwa pale anatafuta mshahara, na jibu lake laweza kumpa au kumnyima.

Tena hapa halifichuliwi kabila peke yake. Wasabaot wanaishi jirani na Wabukusu, Watachoni na Wateso, na ng'ambo ya mpaka wa Uganda wako Wasabiny ambao ni damu moja nao. Ndani ya Wasabaot wenyewe kuna Wasoy na Wamosop. Mpango wa makazi wa Chebyuk, uliozigombanisha pande hizo mbili na ulioanza mapema miaka ya 1970, ulikuwa na awamu tatu, na ni ugavi wa mashamba ya awamu ya tatu uliochochea mapigano ya mwaka 2006, wanamgambo wa Sabaot Land Defence Force (SLDF) waliposhika silaha. Jeshi lilipanda mlimani Machi 2008 katika Operesheni Okoa Maisha. Kufikia wakati huo mamia ya watu walikuwa wameuawa na maelfu wamehama makwao, na operesheni yenyewe iliacha vilio vyake. Waliokuwa watoto wakati huo sasa ndio wenye diploma za uuguzi, uhasibu na ualimu. Ndio wanaobisha hodi katika ofisi za Cheptais, Chesikaki na Kapsokwony. Kumuuliza mmoja wao ukoo wake huku umeshika kalamu ya kutoa alama ni kumrudisha mahali ambapo jibu la swali hilo liliamua nani alale kwake na nani akimbie.

Kazi nazo ni haba. Kaunti ya Bungoma ilihesabiwa kuwa na watu 1,670,570 katika sensa ya 2019. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichokuwa kikiajiri vijana wa eneo zima la magharibi, kilifungwa mwaka 2009 na hakikurudia ukubwa wake wa zamani. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kimepita miaka mingi ya misukosuko. Nafasi moja ya karani wa shule inapotangazwa, foleni huanza alfajiri. Katika hali kama hiyo mwajiri mdogo wa Cheptais ana nguvu kubwa kuliko anavyodhani. Mwalimu mkuu, msimamizi wa zahanati, meneja wa chama cha ushirika cha kahawa, mwenye duka la pembejeo, mwenye kituo cha mafuta: hao ndio ninaotaka kuzungumza nao.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamlinda aliyekwisha kuajiriwa na pia anayetafuta kuajiriwa. Mwajiri hana ruhusa ya kumbagua yeyote kati yao kwa sababu ya mbari, rangi, jinsia, lugha, dini, msimamo wa kisiasa, uraia, asili ya kikabila au ya kijamii, ulemavu, ujauzito, hali ya akili au kuwa na virusi vya Ukimwi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, inaongeza mambo ambayo orodha hiyo haikuyataja: umri, hali ya ndoa, afya kwa jumla, utamaduni na hata mavazi. Nayo haisemi na serikali pekee, kwa kuwa inamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake kwa misingi hiyo. Mwenye duka anayesema "mimi si serikali, namwajiri nimtakaye" bado anabanwa. Na asili ya kijamii, nionavyo mimi, inatosha kabisa kumfunika Msoy au Mmosop aliyenyimwa kazi kwa ukoo wake, hata kama aliyemnyima ni Msabaot mwenzake.

Jambo linalowashtua waajiri wengi wakilisikia kwa mara ya kwanza ni mzigo wa ushahidi. Katika kesi nyingi anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Katika kesi ya ubaguzi kazini, sheria imemwekea mwajiri mzigo wa kuonyesha kwamba ubaguzi haukutokea. Mwombaji ataonyesha msingi wa malalamiko yake, kwamba alikuwa na sifa, kwamba aliulizwa jambo fulani, kwamba kazi ilikwenda kwa mwingine. Kutoka hapo macho yote yanamgeukia mwajiri. Sasa mfikirie mwenyekiti wa bodi amesimama mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kikazi mjini Bungoma. Usaili ulifanyika miaka miwili iliyopita, kwa maana madai ya ajira yanaweza kuwasilishwa hadi miaka 3 baada ya tukio. Hakuna karatasi ya alama. Hakuna orodha ya maswali. Mjumbe mmoja amehamia Kitale, mwingine amefariki. Yote aliyo nayo ni sentensi moja, "tulimwona yule mwingine anafaa zaidi." Hata kama ni kweli tupu, ataithibitisha na nini?

Kwa hiyo karatasi ya alama si urasimu wa Nairobi. Ni kinga ya mwajiri mwadilifu. Kabla ya kutangaza kazi, bodi ikae iandike karani wa shule, kwa mfano, atafanya nini hasa: kupokea karo na kutoa risiti, kuandika barua, kutunza daftari la stoo, kuhudumia wazazi. Kila jukumu lizae swali lake, na kila swali liwe na alama zake. Waombaji wote waulizwe maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule. Kila mjumbe aandike alama zake peke yake kabla ya kusikia za wenzake, aweke sahihi na tarehe. Mjumbe mwenye mpwa au shemeji kati ya waombaji aseme mapema na atoke, asibaki chumbani "kimya tu", kwa kuwa ukimya wa mjumbe unasikika na wenzake.

Swali gumu kuliko yote hapa Cheptais ni la lugha, na sitaki kulipita haraka. Lugha imo katika orodha ya sheria. Je, zahanati ikitafuta mhudumu wa kwenda nyumba kwa nyumba kuwatembelea wazee wasiojua Kiswahili vizuri, haiwezi kudai anayejua Kisabaot? Inaweza. Kifungu hicho hicho cha 5 kinasema si ubaguzi kumtofautisha mtu kwa jambo ambalo kazi yenyewe inalihitaji. Mhudumu asiyeweza kumuuliza bibi wa miaka themanini mahali anapoumia hajaifanya kazi yake. Lakini tangazo linalosema "lazima ajue Kisabaot" liko mbali sana na uamuzi wa chini kwa chini kwamba "lazima awe Msabaot." La kwanza linataja ujuzi ambao yeyote anaweza kuwa nao. La pili linataja kuzaliwa.

Wapo akina Nekesa na akina Wafula waliozaliwa Cheptais, wakacheza na watoto wa Kisabaot tangu utotoni, na leo wanaongea lugha hiyo kama wenyewe. Wapo pia Wasabaot waliolelewa Eldoret au Nairobi wasioweza kumaliza sentensi tatu. Jopo linalochuja barua kwa kuangalia majina, hawa wa Chep na Kip huku, hawa wa Na na Wa kule, litamwacha nje mtu anayefaa na kumpokea asiyefaa, kisha liwe limevunja sheria juu yake. Njia halali ni rahisi mno: mpe kila mwombaji dakika tano aeleze kwa Kisabaot jinsi mama anavyopaswa kumpa mtoto dawa ya malaria, na mjumbe anayeijua lugha atoe alama. Aliyeweza ameweza.

Na kinyume chake pia ni kosa. Ikiwa kazi ni ya mlinzi wa usiku katika shule ambayo shughuli zake zote huendeshwa kwa Kiswahili, jopo likianza kuteta na mwombaji mmoja kwa lugha ya nyumbani huku wengine wakingoja nje, limekwisha kumpa huyo kiti cha mbele. Usaili ufanywe kwa lugha ya kazi.

Wanawake wana maswali yao wanayoyajua kwa moyo. Umeolewa? Mume anafanya kazi wapi? Una watoto wangapi, na mdogo ana umri gani? Unapanga kuzaa tena? Mwajiri mdogo anayeuliza hivyo mara nyingi anaogopa jambo moja, yaani likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo kamili ambayo Sheria ya Ajira inaiamuru. Hofu hiyo naielewa. Kwa duka lenye wafanyakazi wawili, miezi mitatu ni mzigo wa kweli. Lakini sheria haikumpa ruhusa ya kuupunguza mzigo huo kwa kumpekua mwanamke tumboni. Ujauzito umetajwa waziwazi, na hali ya ndoa imo katika Katiba. Kama kazi ina zamu za usiku au safari za kwenda Bungoma kila wiki, mwajiri aseme hivyo kwa wote, wanaume na wanawake, aulize: "Kazi hii ina zamu za usiku mara mbili kwa wiki. Utaweza?" Amejua anachohitaji kujua, na hakuna aliyevuliwa nguo za heshima yake. Na usaili ufanywe ofisini, mchana, mbele ya watu wasiopungua wawili. Binti anayeambiwa aje jioni kwenye nyumba ya wageni "tumalizie mahojiano" anaitwa kwenye kosa la jinai, naye ana haki ya kuripoti polisi.

Afya nayo imewagharimu waajiri. Katika kesi ya VMK dhidi ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, iliyoamuliwa mwaka 2013, mwanamke aliyetumwa kupimwa afya kabla ya ajira ya kudumu alipimwa virusi vya Ukimwi bila ridhaa yake, kisha akanyimwa ajira hiyo. Mahakama ilimpa fidia ya karibu shilingi milioni 7. Afrika Kusini walikuwa wamepita njia hiyo mapema zaidi. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kesi ya Jacques Hoffmann, aliyefaulu hatua zote za usaili wa kuwa mhudumu ndani ya ndege za South African Airways, kisha akakataliwa baada ya kipimo cha damu kuonyesha ana virusi. Mahakama haikuishia kulilaumu shirika, iliamuru aajiriwe. Kenya ina sheria mahususi ya Ukimwi ya mwaka 2006, na sheria hiyo inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi kama sharti la kupata kazi.

Hii haimaanishi kwamba vipimo vyote ni haramu. Mpishi wa shule anahitaji cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula, ambacho hutolewa baada ya kuchunguzwa magonjwa kama homa ya matumbo, kwa kuwa watoto mia tano watakula alichopika. Hapo kazi ndiyo iliyouliza. Uingereza, kwa Sheria ya Usawa ya 2010, imemzuia mwajiri kwa jumla kuuliza habari za afya kabla hajampa mwombaji kazi, na ingawa sisi hatuna kifungu kilichoandikwa hivyo, bodi ya Cheptais ingefanya vyema kuiga utaratibu huo. Chagua kwanza, mwambie amepata kazi iwapo atatimiza kipimo ambacho kazi inakihitaji, ndipo umtume hospitalini. Mwombaji mwenye ulemavu vivyo hivyo. Asiulizwe alipataje kilema chake. Aulizwe atahitaji nini ili aifanye kazi vizuri, na kabla ya siku ya usaili aulizwe kama ataweza kufika na kuingia katika chumba kilichotengwa.

Wakenya wameyaona haya kwenye runinga pia. Mwaka 2011, Tume ya Huduma za Mahakama ilipowahoji waliotaka kuwa Jaji Mkuu, Willy Mutunga aliulizwa kuhusu hereni yake, na ikawa gumzo la nchi nzima kuliko hukumu na sheria. Alikataa kuivua na akapata kazi. Alikuwa mwanasheria mashuhuri aliyezoea mapambano, aliweza kulisimamia jambo lake. Binti wa miaka ishirini na mbili anayeulizwa kwa nini amevaa hijabu, au kijana anayeulizwa kuhusu rasta zake, hana ukakamavu huo, na mama yake nyumbani anasubiri kusikia kama amepata. Mavazi yamo katika Katiba. Sare ya kazi inaweza kudaiwa. Imani ya mtu haidaiwi.

Kuhusu vyeti, waajiri wengi bado hawajui kwamba mambo yalibadilika mwaka 2022. Zamani tangazo la kazi ya kufagia lilidai cheti cha polisi cha maadili mema, kibali cha Mamlaka ya Ushuru, cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu (HELB), cha Tume ya Maadili na cha shirika la taarifa za mikopo, vyote viambatishwe kwenye barua ya maombi. Cheti cha polisi peke yake kimekuwa kikigharimu Sh1,050 kwa miaka mingi, kabla ya nauli ya kuteremka Bungoma kwenye Huduma Centre na kurudi. Kijana alitumia pesa za kahawa ya baba yake kununua nafasi ya kukataliwa. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yanamkataza mwajiri kudai vibali hivyo ila pale anapokusudia kuingia mkataba wa maandishi na mtu huyo. Yaani anayedaiwa ni aliyechaguliwa. Wale arobaini waliokuja kujaribu hawadaiwi. Ukiona tangazo limebandikwa sokoni bado likidai vyeti vyote mwanzoni, liliandikwa na mtu aliyenakili la zamani.

Bahasha zenyewe nazo zina sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, majina ya watoto, wazazi na mwenzi wa ndoa, asili ya kikabila na hali ya afya ni taarifa nyeti. Fomu ya maombi inayodai jina la baba, kata ndogo, ukoo na idadi ya watoto inakusanya mambo ambayo karani hayahitaji ili apige hesabu. Nakala za vitambulisho zisifungiwe maandazi dukani. Orodha ya walioitwa, pamoja na nambari zao za simu, isisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp ya kijiji, kwa kuwa kesho yake matapeli huanza kuwapigia wakidai "pesa kidogo ya kukuingiza kazini."

Katika taasisi za umma, hata hivyo, kuna mahali ambapo kabila lazima lihesabiwe, na hapa ndipo baadhi ya bodi huchanganyikiwa. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia zijazwe na watu wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti hiyo. Wasabaot wamezitegemea sheria hizi kudai nafasi zao Bungoma mjini, ambako Wabukusu ndio wengi, na wana haki kamili ya kudai. Lakini Cheptais mizani inageuka. Hapa Msabaot ndiye mwenye kiti, na anayengoja nje kwa wasiwasi ni Mbukusu au Mteso. Uchungu anaoujua mtu wa mlimani aliyerudi kutoka Bungoma mikono mitupu, akiamini jina lake ndilo lililomponza, unapaswa kumfanya awe msaili makini kuliko wote nchini.

Hesabu hiyo ya jamii ifanywe kwenye karatasi tofauti, inayojazwa na kubaki kwa afisa asiyeketi kwenye jopo, ili uongozi ujue taasisi yake imesimama wapi na uamue ni wapi pa kutangazia kazi ijayo. Tangazo lililobandikwa Cheptais pekee litaleta watu wa Cheptais pekee. Lipelekwe Chwele, Kimilili, Lwakhakha na Kitale pia, na lisomwe redioni.

Nimwambie pia mwenye duka na mwenye kituo cha mafuta kuhusu desturi ya "njoo wiki moja tukuone." Kijana anapanga magunia, anauza, anafunga hesabu, Jumamosi anaambiwa hakufaa na anaondoka bila senti. Ile si sehemu ya usaili. Amefanya kazi, na kazi hulipwa. Kama unataka kumpima, mpe gunia moja apime kilo, mpe hesabu tatu za kurudisha chenji, umalize ndani ya nusu saa. Baada ya hapo, ukimtaka, mwajiri kwa kipindi cha majaribio chenye mshahara.

Usaili ukiisha, wale waliokosa wapigiwe simu au waandikiwe ujumbe. Si lazima uwe mrefu: kazi imepata mtu, ulipata alama kadhaa kati ya mia, ulipungukiwa katika uhasibu. Mwenye kutaka kuona alama zake zaidi aruhusiwe kuziona. Karatasi zifungwe pamoja, ziandikwe tarehe, ziwekwe kwenye kabati lenye kufuli hadi miaka 3 ipite, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana.